Jouli 400 au 259? Kazi ya gesi katika mzunguko wa injini

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko S6 (mwaka wa mwisho wa sekondari) hapa Jinja, Uganda. Gesi bora ya atomu mojamoja inaanzia A (kilopaskali 100, lita 2). Inapashwa moto ujazo ukiwa uleule hadi B (kilopaskali 300), inatanuka kwa halijoto isiyobadilika hadi C (kilopaskali 100, lita 6), kisha inabanwa kwa presha ileile kurudi A. Nimechora pembetatu nikapata kazi ya jouli 400 kwa mzunguko mmoja. Kitabu kinasema 259. Pia, ndiyo hesabu wanayotumia kiwanda cha sukari cha Kakira kuzalisha umeme?

JIBU: Marahaba. Kitabu kiko sahihi. Wazo lako la kutafuta eneo lililozungukwa kwenye grafu ya presha na ujazo ni zuri. Tatizo ni rula. Kutoka B hadi C umepiga mstari ulionyooka. Hebu pima katikati yake: lita 4, kilopaskali 200. Zidisha, unapata 800, wakati B na C zote zinatoa 600, na zao hilo la presha na ujazo hupanda na kushuka pamoja na halijoto. Maana yake kwenye mstari wako gesi imepanda joto njiani, na swali limekataza. Njia halali ni mkunjo unaobonyea chini ya mstari huo.

Sasa hesabu. Kilopaskali mara lita ni jouli moja kwa moja, usihangaike kubadili vipimo. A hadi B pistoni haisogei: kazi sifuri. B hadi C: 600 × ln(6/2) = 659 (ln ni logi asilia). C hadi A: 100 × (2 − 6) = −400, hasi kwa sababu gesi ndiyo inayobanwa. Jumla 259.

Wakikuuliza ufanisi, yaani kazi gawanya kwa joto lililoingia, hapo ndipo wengi huangukia. Joto huingia mara mbili: A hadi B ni 3/2 (ya gesi ya atomu mojamoja) × 2 × 200 = 600, na B hadi C ni 659, kwa kuwa halijoto haibadiliki na joto lote linageuka kazi. Gawa 259 kwa 1,259: asilimia 20.6. Anayesahau hiyo 659 hupata asilimia 43 na kufurahi bure.

Kakira wanachoma makapi ya miwa kuchemsha maji, na mvuke ndio unaozungusha mitambo. Mvuke hurudi kuwa maji, kwa hiyo kanuni ya gesi bora, PV = nRT, haitoshi; wahandisi wa mvuke husoma thamani zao kwenye majedwali.