Kuwaandaa washauri rika wa wanafunzi wenye usonji chuoni

Nilipokabidhiwa kwa mara ya kwanza jukumu la kuwaandaa washauri rika, yaani wanafunzi wa kuwasaidia wenzao wenye usonji (autism, hali inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine), katika chuo kimoja hapa Tanzania, nilikosea tangu hatua ya kuwachagua. Niliwachukua wachangamfu, wengi wao viongozi wa serikali ya wanafunzi, nikamwalika daktari akawafundisha dalili kwa siku mbili, kisha nikawaruhusu waanze kazi. Baada ya wiki chache mmoja wao alinieleza kwa fahari kwamba anamzoesha mwenzake kumtazama mtu machoni. Tulikuwa tumewafundisha kutafuta kasoro, nao walizitafuta kwa bidii.

Semina iliyofuata niliomba iongozwe na mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye usonji, tena kwa posho ileile aliyolipwa daktari, jambo lililonigharimu barua tatu kwa mhasibu. Hakugusa dalili hata kidogo. Alisimulia jinsi rafiki yake alivyomwambia "nakuja" huku akiondoka, naye akabaki kwenye kimbweta, benchi la nje la kusomea, akimsubiri mpaka giza likaingia. Na jinsi wenzake wa chumba walivyomkaribisha chakula, akanawa, akaketi, akala, kisha akasikia akisengenywa kuwa hana adabu, kwa kuwa alitarajiwa kujibu kwamba ameshiba. Ukumbi ulicheka, halafu ukanyamaza. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana baina ya watu wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili. Washauri wangu walilielewa hilo kupitia sahani ya wali kuliko ambavyo ningeweza kuwaeleza mimi.

Ndiyo maana siku hizi sehemu kubwa ya mafunzo naitumia kwenye lugha. Washiriki huleta ujumbe halisi kutoka makundi yao ya WhatsApp, kwa mfano "kipindi kimesogezwa, tukutane kulekule saa mbili", nao huuandika upya mpaka usibakize swali: siku gani, chumba gani, asubuhi au usiku, na kama saa hiyo ni ile iliyochapishwa kwenye ratiba kuwa 08:00. Zoezi hili huonekana la kitoto kwa dakika kumi za mwanzo, kisha watu huanza kubishana.

Mipaka nayo ifundishwe waziwazi. Mshauri rika si daktari wala mzazi, na hamwandikii mwenzake kazi ya darasani. Anaweza kufuatana naye kwenda kusaini bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, kabla foleni haijajaa, au kumsaidia kumwomba mhadhiri kwamba majukumu ya kazi ya kikundi yaandikwe, badala ya kuachwa yajulikane yenyewe. Mwanafunzi akihitaji chumba tulivu cha mtihani, mshauri amsaidie kuandika ombi akijua kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya elimu, wala haombi hisani. Kuhusu vyeti vya hospitali, mimi siviulizi, kwa sababu wengi wamefika utu uzima bila kupimwa na yeyote. Na siri ya mtu haitolewi hata kwa nia njema. Mshauri aliyemtambulisha mwenzake darasani ili "asaidiwe na wote" nilimwondoa siku hiyohiyo.

Jambo nililochelewa kulifikiria ni mwisho. Mwanafunzi mmoja aligundua kwamba mshauri wake amehitimu pale tu alipofika mahali pao pa Jumanne na kukuta hapana mtu, akaendelea kufika hapo Jumanne mbili zaidi. Sasa tarehe ya mwisho huandikwa tangu kikao cha kwanza, na mshauri mpya huanza kuketi nao mwezi mmoja kabla, kwenye kimbweta kilekile, saa ileile.