Kuacha mpango wa kula kabla ya siku zake si dhambi

Anayeanza mpango mkali wa kula huanza na ahadi pia, na mara nyingi ahadi hiyo huitoa mbele za watu: kundi la WhatsApp, wenzake wa ofisini, mume, dada. Siku zikisonga, ahadi inakuwa nzito kuliko chakula chenyewe. Nimeona watu wakijikokota na mpango uliowachosha kwa sababu tu siku ya 30 haijafika.

Mimi wa kwangu niliuacha katikati, kwa kupanga, na sikuona haya. Wadogo zangu na marafiki wameniuliza mara nyingi nilifanyaje, basi haya ndiyo ninayowajibu.

Ulikuwa mpango wa kukata wanga: usizidi gramu 20 kwa siku. Kwa asiyezoea hesabu hizo, kikombe kimoja cha wali uliokwishaiva kina takriban gramu 45. Kwa hiyo ugali, wali, chapati, mihogo, ndizi, hata maharage, vyote vilitoka. Vikabaki mayai, nyama, samaki, parachichi na mboga za majani. Wiki ya kwanza mzani ulishuka haraka na kundi zima likanipongeza.

Hapo pa mzani pana jambo ambalo kila mtu angepaswa kuelezwa kabla hajaanza. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na maji yapatayo gramu tatu. Ukikata wanga, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo. Kwa mtu mzima hayo peke yake yanaweza kufika kilo moja na nusu au mbili, kabla mafuta hayajapungua kwa kiasi cha kuonekana. Ukirudi kula wanga, akiba inajaa tena na maji yanarudi nayo. Wengi hatia huwashika hapo hapo. Wamekula wali siku mbili, mzani umepanda kilo, wanalia kwamba wameharibu kila kitu. Hakuna kilichoharibika. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kalori kama 7,700 za ziada, juu ya zile unazozitumia. Sahani mbili za wali haziwezi kuleta hilo.

Kilichonifanya niache si hamu ya chapati. Usingizi ulikatika, misuli ya miguu ikawa inakaza usiku, na nikawa mkali kwa watoto kwa mambo madogo. Jikoni nilikuwa napika mara mbili, changu na cha nyumba nzima. Zaidi ya yote, nilianza kukwepa watu: kwenye maulidi sikwenda, kwenye arobaini ya jirani nilikaa kidogo nikaondoka kabla sinia halijaletwa. Na kutwa nzima nawaza chakula.

Hilo la kuwaza chakula kutwa watu hulichukulia kuwa udhaifu wa nia. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, ulioongozwa na Ancel Keys kati ya 1944 na 1945. Vijana 36 waliojitolea, wenye afya njema, walipunguziwa chakula hadi karibu nusu ya mazoea yao kwa miezi sita. Walikuja kuwa na huzuni na hasira, wakazungumza chakula asubuhi mpaka usiku, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi. Mpango wao haukuwa kama wangu, lakini niliposoma habari zao niliacha kujilaumu. Mwili unaobanwa huita chakula, ndivyo ulivyoumbwa.

Neno lililonituliza kabisa lilitoka kwa mama. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye funga. Mama aliniuliza: "Mwanangu, Ramadhani ni nguzo ya dini, na mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula wakalipa siku nyingine. Hii funga yako nani kaifaradhisha?" Sikuwa na jibu. Aya ya 185 ya Suratul Baqara, ile inayotoa ruhusa hiyo, inasema pia kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Mpango ulioandikwa na mtu asiyenijua, asiyejua nalala saa ngapi wala nyumbani kwangu tuko wangapi, hauwezi kunidai kuliko ibada.

Sasa namna ya kuacha. Uamuzi ufanye mchana, ukiwa umekula na umetulia. Ukiamua usiku na njaa, utaamka ukidhani njaa ndiyo iliyokuamulia, na hatia itapata mlango. Jiulize: ningemwona mdogo wangu katika hali hii, ningemwambia aendelee? Jibu likiwa hapana, yatosha.

Kama uliwekwa kwenye mpango na daktari, kwa kisukari, figo au kifafa, usiache wala kubadili peke yako. Rudi kwake umweleze yanayokusumbua. Na anayetumia insulini, vidonge vya sukari au dawa za presha asianze wala kuacha mpango wa kukata wanga bila kuonana na mtaalamu. Wanga ukipungua dozi ileile inaweza kushusha sukari kupita kiasi, na wanga ukirudi sukari inapanda. Na kama kila ukiacha unajikuta unakula kwa kificho mpaka unaumwa, kisha unajitapisha au unashinda na njaa kujiadhibu, nakuomba zungumza na daktari. Hali hiyo inatibika.

Siku ya kurudi, usifanye karamu ya kuagana na mpango. Mimi nilianza na chakula cha mchana cha kawaida: nusu ya sahani mboga, robo samaki, robo ugali wa dona, nikala pamoja na watoto. Kesho yake hivyo hivyo, nikarudisha na maharage. Tumbo linaweza kujaa gesi siku za mwanzo, litazoea. Mzani niliuweka juu ya kabati kwa wiki mbili, na nakushauri ufanye hivyo.

Kundini niliandika: "Jamani, mimi nimeishia hapa, nawatakia heri." Mmoja akauliza kama nimeshindwa. Nikamjibu nimeamua, nikatoka. Huna haja ya kuleta cheti cha hospitali wala kueleza usingizi wako kwa watu hamsini.

Yaliyonifaa nimebaki nayo. Chai nakunywa bila sukari, soda sinunui tena, na mchicha sasa naupika kila siku, zamani ulikuwa wa mara mojamoja. Wali wa nazi tunakula Ijumaa, na mimi napakua wa kwangu kwenye sufuria ileile ya nyumba nzima.