Fizi za mama zinatoa damu na sukari haishuki, vinahusiana?

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika kwa niaba ya mama yangu, yuko Tanga, ana miaka 58 na kisukari anacho miaka mingi. Dawa anameza vizuri, ugali kapunguza kwelikweli, ila asubuhi kabla hajala mashine inasoma 11, siku nyingine 12. Halafu fizi zimevimba, akipiga mswaki damu tupu, jino moja la mbele chini limeanza kucheza na mdomo unatoa harufu. Majirani wamemwambia aache mswaki asukutue maji ya chumvi tu mpaka zipone, mwenyewe anasema ni uzee. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Sio uzee, na hayo mambo mawili yanahusiana tena sana, kila moja linamchochea mwenzake. Sukari ikikaa juu muda mrefu kinga ya mwili inalegea, mishipa midogo ya damu kwenye fizi inaharibika, mate yanapungua, kwa hiyo bakteria wa kwenye ugaga (uchafu unaoganda kwenye meno) wanajitanulia tu. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa uwezekano wa kupata ugonjwa mkali wa fizi ni kama mara 2 hadi 3 ya asiye nacho. Sasa upande wa pili ndio watu wengi hawaujui: fizi zenye uvimbe wa kudumu zinamwaga kwenye damu kemikali zinazofanya insulini (homoni ya mwili inayoshusha sukari) isifanye kazi yake sawasawa, ndio maana mama anaweza kumeza dawa kila siku na sukari ikagoma kushuka. Sisemi fizi ndio sababu pekee, inawezekana dozi nayo inahitaji kuangaliwa, ila fizi zisiachwe nje ya hesabu.

Mwambie apitishe ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Akisikia pana ukoko mgumu unaokwaruza, huo ndio ugaga, hapo hujijenga haraka kwa sababu mate yanatokea chini ya ulimi. Mswaki hauutoi, chumvi haiutoi, karafuu ndio kabisa. Maji ya chumvi yanatuliza maumivu na sikatai asukutue, lakini hilo la kuacha mswaki sababu ya damu, majirani wamempotosha, maana uchafu ukibaki fizi ndio zinazidi kuvimba na damu inaongezeka. Achukue mswaki laini, aulaze kuelekea kwenye ufizi, asugue taratibu mara mbili kwa siku.

Ugaga unakwanguliwa kliniki ya meno, mpaka ule uliojificha chini ya ufizi. Na hapa kuna habari njema, watu wenye kisukari wakitibiwa fizi vizuri, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) hushuka kwa kama 0.4 ndani ya miezi 3 hadi 4, yaani kutoka 8.4 kwenda 8.0 hivi. Sio muujiza, na dawa zake asiache hata siku moja, ila ni faida ya bure juu ya dawa.

Siku ya kwenda aende asubuhi, ale kwanza na dawa ameze kama kawaida, kuna wagonjwa wanakuja na njaa wakidhani ni kama kupimwa damu halafu sukari inawashukia kwenye kiti. Aseme mapema kwamba ana kisukari. Jino linalocheza asikubali ling'olewe haraka kabla fizi hazijatibiwa na kuangaliwa upya, mengine hukaza.

SWALI: Dokta mimi nina miaka 38, sina kisukari, ila jipu la fizi limenirudia mara tatu na meno mawili yanacheza. Sivuti sigara.

JIBU: Umejuaje huna? Kama hujapima, kapime wiki hii, asubuhi kabla ya kula. Ikisoma 7 au zaidi utarudiwa kipimo kuthibitisha. Jipu linalorudirudi kwa mtu wa umri wako mara nyingine ndio dalili ya kwanza ya kisukari kuonekana. Ikiwa sawa, shukuru Mungu, ila fizi bado zinahitaji daktari, antibayotiki za dukani zinapoza wiki mbili tu halafu jipu linarudi pale pale.