Re: Kadi ya Open Water ya Nungwi, naweza kupiga mbizi Malta mwezi wa 9?

Mkuu hiyo kadi ya Open Water, yaani cheti cha kwanza cha kupiga mbizi, inatosha kabisa, inatambulika popote, ila kumbuka mwisho wako nayo ni kina cha mita 18, kwa hiyo ile meli ya Um El Faroud unayoulizia isahau kwanza. Ni tanka la mafuta la urefu wa mita 110 hivi, walilizamisha makusudi 1998, na limekaa kwenye mchanga mita 36 huko, deki tu iko kama 25. Usidanganywe na mtu eti "tutashuka kidogo tu".

Wewe nenda kisiwa cha Gozo, hukohuko Malta, Blue Hole pale Dwejra. Unaingilia kwenye shimo la mwambani, unashuka taratibu, unapita chini ya tao unatokea bahari kubwa, aisee ile bluu sijawahi kuiona pengine. Lile dirisha la mwamba la kwenye mapicha (Azure Window), lililokuwa palepale, lilianguka 2017 lakini mawe yake yako chini ya maji na samaki wameshahamia.

Samaki wa rangi rangi kama kisiwa cha Mnemba huku Zanzibar usitegemee, kule ni mapango, miamba na maji meupe peee. Juu maji yana joto ila ukishuka unakutana na baridi ghafla, mi nilivaa suti ya mpira ya kuzamia, unene milimita 5, na bado nilitetemeka. Chumvi yao kali kuliko yetu, utaelea, omba waongeze vizito vya risasi kwenye mkanda wako ili uzame.

Na ndege usipande kabla ya masaa 18 tangu mbizi ya mwisho, siku ya mwisho mpeleke shemeji Valletta mkale pastizzi, vitafunwa vyao vya jibini.