Hereni na "hekalu la Roho Mtakatifu"
Dadangu, huyo kiongozi wa vijana hapo Kondele aliyekukataza hereni kwa 1 Wakorintho 6:19 ("mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu") ameanzia mwisho. Rudi mstari wa 12. Wakorintho walijitetea, "Vyakula ni kwa tumbo" (mst. 13), kana kwamba mwili utaoza tu, basi kulala na kahaba si kitu. Paulo anawakatalia: Mungu atatufufua (mst. 14), na miili yenu ni viungo vya Kristo. Mada ni zinaa, na wanaokemewa hapo ni wanaume waendao kwa makahaba. (Hilo mahubiri mengi hulipita mbio.) Hereni zako za shanga za soko la Kibuye hazimo. Akikuletea 1 Petro 3:3, hapo kweli mapambo yametajwa, lakini pamoja na "kuvalia mavazi", na bado sijasikia mtu akihubiri tuvue nguo.