Barua kwa mwanangu: kabla hujachimba msingi

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, isipokuwa joto. Kaskazi imelegea na kusi haijashika, nawe wajua miezi hii huku inavyokuwa. Mamako amehamishia mkeka barazani.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Waniuliza: wewe baba umejenga miaka thelathini na zaidi, kiwanja cha Bamburi tayari ninacho, kwa nini nimlipe msanifu majengo anichoree mistari? Na huyo mtu ni msanii ama ni mtu wa hesabu? Nilicheka, maana swali hilo nililiuliza mimi kabla yako, tena kwa ukali. Sisi waashi tulikuwa tukiwaita watu wa kalamu.

Nikukumbushe kitu. Ulipokuwa darasa la tatu, kila usiku ulikuwa ukiburura godoro kutoka chumbani mpaka sebuleni. Mamako akikugombeza, wewe husema ukuta una homa. Ulikuwa na homa kweli. Nyumba ile ya Kisauni niliichora mimi, kwa kijiti, mchangani. Kuta zilinyooka, timazi haikuenda upande hata unywele, lakini chumba chenu nilikielekeza magharibi na kukipa dirisha moja tu. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta. Jua la mchana liko utosini, lapiga paa. La asubuhi na la alasiri ndilo lipigalo kuta za mashariki na magharibi. Ukuta ukilinywa jua tangu saa nane hadi magharibi, hulitapika usiku, nawe umelala. Uashi wangu haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa sikufikiri kabla ya kuchimba, na kufikiri huko ndiko kazi ya msanifu.

Miaka michache baadaye nikapata kazi chini ya msanifu mmoja, mwanamke, tumjengee bibi mjane nyumba ya ghorofa moja huko Likoni. Siku ya kwanza hakutoa karatasi. Aligeuza ndoo akaikalia, tangu saa tisa hadi saa kumi na mbili, akitazama kivuli cha mwembe kinavyotambaa. Mimi na msaidizi wangu tukakonyezana. Kisha akamwuliza bibi mambo ambayo mimi nisingeyauliza: Wakunia wapi nazi? Wageni wa kiume wakiingia, wewe wapita wapi? Magoti yako bado yapanda ngazi? Majibu yale ndiyo yaliyokuja kuwa kuta.

Ngazi ndiyo iliyonifunza adabu. Mimi ngazi nilikuwa nikizipiga kwa jicho. Yeye alinipa vidato 18, kila kimoja kimo sentimita 17, mahali pa kukanyaga 29. Nikamwuliza kwa nini. Akasema: kimo mara mbili, jumlisha na pa kukanyaga, upate baina ya 60 na 65, hiyo ndiyo hatua ya mtu. Nikapiga, nikapata 63. Haya, hesabu nikaikubali. Lakini katikati ya ngazi, pale pa kugeukia, akataka tundu la dirisha juu ukutani na jingine chini yake. Nikamwambia huo ni urembo, waongeza gharama. Akajibu kwamba hewa ya moto itapanda kwa ngazi, itokee pale juu. Basi lile la chini nalo? Akaniambia, bibi atachoka hapa, atasimama apumzike, na akisimama auone mwembe wake.

Tangu siku ile sijajua pa kukata, nikasema hapa sayansi yaishia na hapa sanaa yaanzia. Jaribu wewe kwa dirisha lile.

Wala wazee wetu hawakuzitenga. Nyumba za zamani za mawe za pwani vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu ya boriti za mkoko. Mkoko hauwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ukipita kiasi cha mita 3, basi upana wa chumba ukawa ni urefu wa boriti. Mtu asiye na jicho angepata ushoroba. Wao wakazipanga boriti zile zikawa pambo la dari, wakachimba zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, ukutani, wakaweka uwanja katikati ulete mwanga na upepo. Na daka, kile kibaraza cha mlangoni, ndipo mgeni hukaa bila kuona ndani. Ndilo lile lile swali la wageni wa kiume.

Na Ngome ya Yesu, ambayo tuliizoea hata hatuitazami, ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ikajengwa kwa ajili ya Wareno tangu 1593 hadi 1596. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mwili wa mtu, kwa kuwa wasanifu wa zama zile waliamini vipimo kamili vimo mwilini mwa binadamu. Lakini pembe zile zilizochomoza zina kazi: aliye kwenye pembe moja aweza kumpiga adui aliyejibanza chini ya ukuta wa pili.

Usimchanganye msanifu na injinia. Wote wawili utawahitaji. Injinia ndiye atakayekuhesabia nondo na zege. Huku kwetu hewa ya chumvi hula nondo, kutu ikafura, zege ikapasuka. Msanifu ndiye atakayegundua kwamba nguzo ya injinia imesimama mbele ya mlango wa jikoni. Kisha wagombane wao, si wewe. Hakikisha tu amesajiliwa na bodi yao, maana wenye kujiita wasanifu ni wengi, na wengine huuza ramani moja kwa watu kumi. Ramani iliyochorewa kiwanja cha Nakuru yaweza kukuletea Bamburi ukuta wenye homa.

Ukishuka na treni mwisho wa mwezi, tutakwenda kiwanjani pamoja saa tisa. Ndoo nitaibeba mimi.

Mamako anauliza jiko litakuwa upande gani. Nimemwambia hilo aulizwe msanifu, akaninunia. Mjibu wewe.

Wasalaam,
Babako