Je, jaribio la kutembea kwa wanajeshi ni la haki?
Ndugu, umeandika kwamba kumruhusu mwenye goti bovu atembee badala ya kukimbia ni upendeleo; sivyo, lakini jaribio hilo huwaonea watu wafupi. Jeshi la Anga la Marekani huwapa jaribio la kutembea kilomita 2 wale waliozuiwa na daktari kukimbia, ambapo sharti mguu mmoja uwe chini daima, na kikomo cha muda hutazama umri na jinsia pekee. Ilhali kasi ambayo mwili huacha kutembea na kutaka kukimbia hutegemea urefu wa miguu, kwa kuwa mguu uliokanyaga hufanya kazi mfano wa timazi iliyopinduliwa juu chini. Kwa hesabu hiyo, mwenye mguu wa sentimita 80 hufika ukingoni karibu na kilomita 7.1 kwa saa, na mwenye sentimita 95 karibu na 7.8. Kipimo cha kutembea maili 1 kinachohesabu pia uzito na mapigo ya moyo kina afadhali, isipokuwa kwa anayetumia dawa za kupunguza mapigo, ambaye kitamwonyesha imara kuliko alivyo. Nimewatembeza vijana wengi kutoka Lamu mjini hadi Shela: wafupi huanza kukimbia bila kujijua, na pumzi bado wanazo.